Mkopo wa gulden 1,600: kesi ya Fust na Gutenberg, Mainz 1455

Alhamisi ya tarehe 6 Novemba 1455, kati ya saa tano na saa sita mchana, tajiri mmoja wa mji wa Mainz, Ujerumani, aitwaye Johann Fust aliingia katika ukumbi wa kulia chakula wa watawa Wafransisko. Alikuja na ndugu yake Jakob na mashahidi wengine, ili ale kiapo. Mdaiwa wake, Johann Gutenberg, aliyeanzisha Ulaya ufundi wa kuchapa vitabu kwa herufi za chuma, hakutokea. Fust akauliza kama yupo mtu yeyote aliyekuja kwa niaba yake. Walikuwapo watatu: padri Heinrich Günther wa kanisa la Mtakatifu Christopher, na watu wawili wa Gutenberg, Heinrich Keffer na Bechtolf wa Hanau. Wakajibu kwamba wametumwa kuja kusikia na kuona yatakayofanyika. Mthibitishaji wa hati, Ulrich Helmasperger, akayaandika yote kwenye ngozi, na ngozi hiyo ingalipo, imehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Göttingen.

Nimeichagua kesi hii kwa sababu masimulizi ya jinsi Ulaya ilivyotoka zama za kati na kuingia zama mpya yamejaa maneno makubwa: mwamko, ugunduzi, mageuzi ya Kanisa. Maneno hayo yana ukweli wake, ila hayamwonyeshi msomaji ni kitu gani hasa kilichohama, kikatoka mkono upi kikaenda mkono upi. Hati ya Helmasperger inaonyesha. Ndani yake mna watawa, masalia ya watakatifu na kiapo, mambo ya kale kabisa. Na papo hapo mna mtaji, dhamana, mgawanyo wa gharama, na riba juu ya riba. Dai langu ni kwamba, kabla ya kubadili mawazo ya watu, uchapaji uliibadili biashara yenyewe ya kitabu. Kitabu kilianza kutengenezwa kwa mamia kabla mnunuzi hajajulikana, na ikabidi apatikane mtu wa kubeba gharama za kipindi chote cha kungoja. Ugomvi wa Fust na Gutenberg ulihusu kipindi hicho cha kungoja.

Mdaiwa alikuwa mtu wa namna gani

Gutenberg alizaliwa Mainz karibu na mwaka 1400, katika ukoo wa wakubwa wa mji, wale waliokuwa wakivutana na vyama vya mafundi kuhusu kodi na uongozi miaka nenda miaka rudi. Familia za aina hiyo zilitegemea sana malipo ya kila mwaka: unaupa mji fedha taslimu leo, nao mji unakulipa kiasi fulani kila mwaka. Kanisa lilikataza riba, lakini mpango huu ulihesabiwa kuwa ni kununua pato, si kukopesha, kwa hiyo ulipita. Ni muhimu kulikumbuka hili, kwa sababu wengi hudhani kwamba kabla ya zama mpya Wakristo wa Ulaya hawakujua kuizalisha fedha. Walijua. Walichokosa ni jina halali la kuliita jambo hilo.

Naye Gutenberg hakuwa fundi mnyonge asiyejua mambo ya deni. Mwaka 1434, akiwa anaishi Strasbourg, mji wa Mainz ulikuwa umelimbikiza gulden (sarafu za dhahabu) 310 za malipo yake bila kumlipa. Karani wa mji huo, Niklaus wa Wörrstadt, alipopita Strasbourg, Gutenberg alimkamatisha akawekwa ndani hadi alipoapa kwamba deni litalipwa. Baadaye alimwachia, kwa heshima ya baraza la Strasbourg. Huyu ndiye mtu ambaye miaka 21 baadaye alishtakiwa kwa deni. Alizijua sheria za mchezo, na alishawahi kuzitumia kwa ukali.

Hukohuko Strasbourg alianzisha ubia wa kwanza tunaoujua. Pamoja na Hans Riffe, Andreas Heilmann na Andreas Dritzehn, alipanga kutengeneza vioo vidogo vya kuwauzia mahujaji wa Aachen. Kila baada ya miaka saba masalia matakatifu ya Aachen yalitolewa nje yaonekane, umati ukawa mkubwa kiasi kwamba wengi hawakuweza kuyakaribia. Waliamini kioo kikielekezwa kwenye masalia hunasa neema yake. Wabia walijiandaa kwa hija ya mwaka 1439. Hija ikasogezwa hadi 1440. Mali ilikuwa tayari inatengenezwa, fedha zilikwishatumika, wanunuzi wakawa bado mwaka mzima.

Kisha Andreas Dritzehn akafariki mwishoni mwa 1438, na ndugu zake wakashtaki wakitaka waingizwe kwenye ubia. Mkataba ulikuwa umeliona hilo mapema: mbia akifa, warithi wake watapewa gulden 100, basi. Marehemu alikuwa bado anadaiwa 85, hivyo mahakama ikaamua mwezi Desemba 1439 kwamba warithi wapate 15. Katika ushahidi wa kesi hiyo sonara Hans Dünne alieleza kwamba alikuwa amepata kwa Gutenberg kama gulden 100 kwa kazi ya yale tu yanayohusu kuchapa. Mashahidi wengine walitaja mtambo wa kukandamiza, na kifaa cha vipande vinne kilichotakiwa kifunguliwe haraka ili mtu asitambue ni cha kazi gani.

Nimekaa kidogo hapa Strasbourg kwa sababu sura ya kesi ya Mainz yote imo humu tayari: siri ya ufundi, fedha za wengine, mkataba ulioandikwa kwa uangalifu, na soko linalochelewa.

Masharti ya mkopo

Mwaka 1448 Gutenberg yuko tena Mainz, na jamaa yake Arnold Gelthus anamchukulia mkopo wa gulden 150 kwa riba ya asilimia 5. Hazikutosha. Mwaka 1450 ndipo Fust anapoingia na gulden 800 kwa riba ya asilimia 6, dhamana ikiwa ni vifaa vyenyewe vitakavyotengenezwa kwa fedha hizo. Ulinganishe mkopo huu na gulden 100 za Dünne, na uone ukubwa wa mradi. Kwa maelezo ya Gutenberg, Fust pia alipaswa kutoa gulden 300 kila mwaka kwa ajili ya gharama: mishahara, pango la nyumba, ngozi, karatasi, wino.

Karibu na 1452 Fust alitoa gulden 800 nyingine. Hizi zilikuwa za kile ambacho hati inakiita kazi ya vitabu, kwa faida ya wote wawili.

Hapo ndipo mzozo ulipojificha. Fedha za kwanza ni mkopo wenye dhamana. Fedha za pili zinafanana na mtaji wa ubia. Lakini mtoaji ni yuleyule, mpokeaji ni yuleyule, na karakana zikaingiliana. Fust alipodai, alizihesabu zote kuwa mkopo wenye riba: 800 za kwanza na riba yake 250, 800 za pili na riba yake 140, na gulden 36 za riba iliyotokana na riba. Jumla 2,026. Ukigawa utaona hesabu yake imekaa sawa: asilimia 6 ya 800 ni 48 kwa mwaka, kwa hiyo 250 ni riba ya miaka mitano na ushei, na 140 ni ya miaka mitatu kasoro.

Gutenberg alijibu kwamba zile 800 za kwanza hazikutolewa zote kwa mkupuo kama ilivyokubaliwa, na kwamba Fust alimwambia kwa mdomo kuwa asingechukua riba. Kuhusu zile za pili alikuwa tayari kutoa hesabu ya matumizi, ila alikataa kuwa zinadaiwa riba. Msomaji aliyezoea mjadala wa riba na mudharaba ataitambua hoja mara moja: mwenye mali akiingia kama mbia, anashiriki faida na hasara, akiingia kama mkopeshaji, hasara haimhusu, anataka chake kirudi. Wafanyabiashara wa Italia nao walikuwa wanaijua tofauti hiyo tangu karne nyingi katika mikataba ya safari za baharini, ambamo mwenye mtaji alibeba hasara ya mtaji wake. Fust alitaka faida ya mbia na usalama wa mkopeshaji kwa wakati mmoja. Mimi naona hilo ndilo jambo jipya kuliko yote katika hati, na halimo katika sentensi yoyote moja. Limo katika jinsi madai yalivyojumlishwa.

Fedha zilikwenda wapi

Zilikwenda kwenye Biblia. Biblia ya Kilatini, mabuku mawili, kurasa 1,282, kila ukurasa safu mbili za mistari 42. Nakala zilikuwa kama 180, nyingi za karatasi, sehemu ndogo za ngozi ya ndama. Nakala moja tu ya ngozi inakadiriwa kuhitaji ngozi za ndama 170 hivi. Karatasi ililetwa kutoka Italia, na ililipwa kabla herufi moja haijagusa wino.

Tazama kazi ilivyofanywa, maana gharama zimejificha humo. Fundi anachonga herufi moja, kinyume, kwenye ncha ya chuma kigumu. Anaigonga kwenye kipande cha shaba, shaba inabaki na shimo la umbo la herufi. Kipande hicho kinafungwa kwenye kalibu ya mkono, kinamiminiwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, na herufi inatoka imeganda papo hapo. Inarudiwa hivyo maelfu ya mara. Kwa Biblia hii hawakutengeneza alfabeti peke yake: walichonga alama karibu 290, zikiwemo herufi zilizounganishwa na vifupisho, ili ukurasa ufanane kabisa na mwandiko wa mwandishi hodari. Wino nao ulibidi uwe mpya. Wino wa kalamu, wa maji, haushiki kwenye chuma. Walitumia wenye mafuta, ambao mpaka leo unang'aa kwa weusi wake.

Kurasa zenyewe zinaonyesha kwamba waliendelea kujifunza kazi ikiwa njiani. Za mwanzo kabisa zina mistari 40, kisha unakuja ukurasa wa mistari 41, ndipo 42 inaposhika. Kila mstari ulioongezwa uliokoa karatasi. Walijaribu kuchapa vichwa kwa wino mwekundu, wakaacha, wakawaachia waandishi wa mkono wajaze wenyewe. Na katikati ya kazi waliamua kuongeza idadi ya nakala, hivyo kurasa zilizokwisha kuchapwa zikapangwa upya tangu mwanzo ili kufikia idadi mpya. Huo ni uamuzi wa mtu anayeamini soko lipo. Ni uamuzi pia unaohitaji karatasi zaidi, mishahara zaidi na miezi zaidi.

Linganisha na utaratibu uliokuwapo. Kabla ya hapo mteja ndiye aliyeanza. Askofu, monasteri au mwanasheria aliagiza kitabu, mwandishi akakinakili, mteja akalipa. Katika vyuo vikuu vya Paris na Bologna walikwenda mbali zaidi: wauza vitabu walikodisha kitabu kilichokaguliwa vipande vipande, wanafunzi wakanakili kipande kimoja, wakakirudisha, wakachukua kingine. Mpango huo ulikuwa wa kasi kwa wakati wake, lakini hakuna fedha nyingi zilizokaa zimefungwa kwenye vitabu visivyo na mwenyewe. Mwandishi akiugua, hasara ni nakala moja.

Soko lilikuwapo

Jambo linaloniuma katika kisa hiki ni kwamba Gutenberg hakukosea kuhusu wanunuzi. Tuna shahidi bora wa kutueleza. Enea Silvio Piccolomini, aliyekuja kuwa Papa Pius II mwaka 1458, alimwandikia kardinali Juan de Carvajal tarehe 12 Machi 1455 kuhusu mtu wa ajabu aliyeonekana Frankfurt mwaka uliotangulia. Piccolomini alikuwa ameona karatasi za Biblia zilizochapwa, maandishi safi na sahihi, ambayo kardinali angeyasoma bila miwani. Aliambiwa nakala ni 158, wengine wakasema 180. Na alisikia kwamba wanunuzi walikwishapatikana kabla kazi haijaisha.

Basi mnunuzi yupo, bidhaa ni nzuri, sifa zimefika hadi kwa wakubwa wa Kanisa, na miezi minane baadaye mwenye kazi yuko mahakamani. Mwenye duka yeyote aliyewahi kukopesha bidhaa ataelewa pengo hili. Mali kuuzika ni jambo moja, fedha kuingia mkononi ni jambo lingine, na deni kuiva ni la tatu. Yakipishana hata kwa miezi michache, mradi mzima unaweza kuhama mwenyewe. Fust hakuhitaji Biblia ishindwe. Alihitaji tu deni liive wakati nakala zimekamilika na fedha bado zinakusanywa, au kabla hazijakusanywa zote. Sisemi alipanga hivyo. Ninasema masharti ya mkataba yalimpa nafasi hiyo, na katika wakati huo thamani ya dhamana yake ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote uliotangulia: vifaa vimekamilika, mafundi wamefundishwa, na kila kosa la kujifunza limeshalipiwa.

Hukumu ilisema nini hasa

Husimuliwa kwamba mahakama ilimnyang'anya Gutenberg mtambo wake na kumpa Fust. Hati haisemi hivyo. Kwanza, mahakama ilimtaka Gutenberg alete hesabu ya mapato na matumizi yote ya kazi iliyokuwa kwa faida ya wote wawili. Alichopokea kikizidi alichotumia katika kazi hiyo, ziada ihesabiwe. Pili, kama Fust atathibitisha kwa kiapo au kwa ushahidi kwamba fedha alizotoa alizikopa kwa riba, hazikuwa zake mwenyewe, basi Gutenberg ailipe riba hiyo kama mkataba ulivyosema.

Kiapo cha tarehe 6 Novemba kilikuwa jibu la sehemu hii ya pili. Fust aliapa mbele ya masalia ya watakatifu kwamba alikopa gulden 1,550, kwamba Gutenberg alizipokea, na kwamba zilikwenda kwenye kazi yao. Awali alikuwa amekwisha kueleza kuwa alikopa kwa Wakristo na kwa Wayahudi, naye akawa analipa riba kila mwaka.

Kwa nini mahakama ijali zilikotoka fedha? Nionavyo, ni kwa sababu ya katazo la Kanisa. Mtu kukopesha fedha zake mwenyewe na kudai nyongeza ilikuwa riba iliyokatazwa. Lakini kufidiwa hasara uliyoipata kwa ajili ya mwenzako kulikubalika kwa wanasheria wa Kanisa tangu zamani. Fust akiapa kwamba yeye mwenyewe anadaiwa riba huko nje, anachokidai kinaacha kuwa faida ya fedha yake na kinakuwa fidia. Sheria ya zama za kati haikuvunjwa katika ukumbi ule. Iliheshimiwa neno kwa neno, na kupitia mlango wake huohuo mtaji ukatoka na riba yake. Kwangu huu ndio ufafanuzi bora wa namna zama zilivyopishana. Hakuna aliyetangaza kwamba kanuni za kale zimekwisha. Watu walizitumia kanuni hizo kufanya jambo ambalo hazikutungiwa.

Ndiyo maana sikubali usimulizi wa mvumbuzi mwema na mkopeshaji mwovu. Fust alihatarisha gulden 1,600 kwenye ufundi ambao hakuna aliyewahi kuuona ukifanya kazi ya ukubwa huo, na kama alivyoapa, sehemu kubwa alikuwa anadaiwa yeye. Hata hivyo siwezi kusema kwamba haki ilikuwa sawa pande zote. Miaka mitano ya Gutenberg, ujuzi wake, majaribio yake tangu Strasbourg, havikuwa na safu katika hesabu ile. Mkataba ulipima fedha tu. Ulaya itaanza kuupa ujuzi kinga yake baadaye kidogo: mwaka 1469 Venice ilimpa Johannes wa Speyer haki ya kuchapa peke yake kwa miaka mitano, haki iliyokoma alipofariki muda mfupi baadaye.

Baada ya kesi

Mmoja wa mashahidi wa Fust siku ile alikuwa Peter Schöffer, mwandishi wa mkono aliyekuwa Paris mwaka 1449. Tarehe 14 Agosti 1457 Fust na Schöffer walitoa kitabu cha Zaburi chenye herufi za mwanzo zilizochapwa kwa rangi nyekundu na buluu, kazi ambayo mpaka leo wachapaji huistaajabia. Mwishoni kina maelezo ambayo hakuna kitabu cha Ulaya kilichowahi kuwa nayo: tarehe ya kuchapwa, majina ya wachapaji, na tamko kwamba kimefanywa kwa uvumbuzi wa kuchapa bila kutumia kalamu. Jina la Gutenberg halimo. Schöffer baadaye alimwoa Christine, binti wa Fust. Gutenberg, kwa upande wake, alilipa riba ya mkopo mwingine wa zamani kwa kanisa la Mtakatifu Thomas la Strasbourg hadi 1457. Kuanzia 1458 hakuweza tena.

Karibu na 1470 Schöffer alichapa karatasi moja ya kutangaza vitabu takriban 20 alivyokuwa navyo. Chini aliacha nafasi ili muuzaji wake anayezunguka aandike kwa mkono jina la nyumba ya wageni alikofikia katika kila mji. Nakala iliyobaki imejazwa jina la nyumba moja ya Nuremberg. Karatasi hii inanivutia kuliko Biblia yenyewe. Zamani mteja alimtafuta mwandishi. Sasa kitabu kimeshachapwa, kiko kwenye mapipa na majahazi, na muuzaji anakwenda mji hadi mji akimtafuta mteja.

Na mara nyingine mteja hakupatikana. Wajerumani wawili, Conrad Sweynheym na Arnold Pannartz, walipeleka uchapaji Italia, Subiaco kwanza mwaka 1465, kisha Roma. Mwaka 1472 waliomba msaada kwa Papa Sixtus IV. Walieleza kwamba nyumba yao kubwa imejaa karatasi zilizochapwa, na haina mahitaji ya maisha. Kwa kawaida walichapa nakala 275 za kila kitabu, na orodha yao ilifika mabuku zaidi ya 12,000. Hawa hawakuwa na Fust wa kuwashtaki, lakini walikuwa wamefungwa na kamba ileile: fedha yote imegeuka karatasi, na karatasi haijageuka fedha.

Kanisa lilikuwa wapi katika yote haya? Kwa muda mrefu lilikuwa mteja mkubwa. Constantinople ilianguka mikononi mwa Waturuki tarehe 29 Mei 1453, na kati ya 1454 na 1455, Biblia ikiwa bado inachapwa, Mainz zilichapwa hati za rehema, yaani vyeti vya Kanisa vya kuondolewa adhabu ya dhambi, kwa wale waliochangia ulinzi wa Kupro dhidi ya Waturuki. Hati hizi ni karatasi moja moja, maneno yote yamechapwa isipokuwa nafasi tupu za jina na tarehe, zijazwe kwa kalamu. Ni fomu, kama zile tunazojaza leo kwenye ofisi yoyote. Zilileta fedha haraka, jambo ambalo Biblia haikuweza, na aliyezilipia ni Kanisa lenyewe. Hofu ilikuja baadaye. Mwaka 1485 askofu mkuu wa Mainz, Berthold wa Henneberg, aliamuru vitabu vikaguliwe, akiwa na wasiwasi hasa na tafsiri za Kijerumani za maandiko matakatifu. Mji ni uleule, na kilikuwa kimepita kizazi kimoja. Kufikia mageuzi ya Kanisa ya Martin Luther, yaliyoanza mwaka 1517, ilibaki miaka 32.

Yapo masimulizi yanayosema uchapaji ulianzia Mainz. China walikuwa wanapanga herufi moja moja za udongo wa kuchoma tangu karne ya 11, kazi inayohusishwa na Bi Sheng, na Korea walichapa kitabu cha Kibuddha kwa herufi za chuma mwaka 1377. Kinachoifanya Mainz istahili kuchambuliwa ni mahali ufundi ulipowekwa: mikononi mwa wafanyabiashara wa miji midogo inayoshindana, chini ya mabwana wasioweza kuwazuia wote kwa pamoja.

Hilo la mabwana lilionekana wazi ndani ya miaka saba. Maaskofu wawili, Diether wa Isenburg na Adolf wa Nassau, waligombea kiti cha Mainz, na karakana ya Fust na Schöffer ikachapa matangazo ya pande zote mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Oktoba 1462 watu wa Adolf waliuvamia mji, wakaua, wakapora, na wengi wakafukuzwa. Mafundi wa kuchapa walitawanyika pamoja na wengine.

Adolf huyohuyo ndiye aliyemkumbuka Gutenberg. Tarehe 17 Januari 1465 alimfanya mtu wa baraza lake, akaamuru apewe kila mwaka mavazi ya mhudumu wa ikulu, vipimo 20 vya nafaka na mapipa mawili makubwa ya divai, bila ushuru. Ni malipo ya zama za kati kabisa: nguo, chakula na kinywaji kutoka kwa bwana, wala si gulden. Gutenberg alifariki tarehe 3 Februari 1468.

Siku 23 baadaye mwanasheria Konrad Humery alikiri kwa maandishi kwamba amepokea herufi, vifaa na zana za kuchapia alizoacha marehemu, na kwamba vitu hivyo vilikuwa mali yake yeye Humery. Hata mtambo wa mwisho, basi, ulikuwa wa mwenye fedha. Humery aliahidi kwamba akichapa nao atachapa Mainz tu, na akitaka kuuza atampa raia wa Mainz nafasi ya kwanza. Adolf alitaka ufundi huo ubaki ndani ya kuta za mji wake. Humery alipotoa ahadi hiyo, watu walikuwa tayari wanachapa Strasbourg, Bamberg, Köln na Roma.